Aliyepaka Baiskeli ya Kaka Yangu Mara Mbili

Baiskeli ya kaka yangu ilipakwa rangi mara mbili na mtu yuleyule. Mara ya kwanza Fundi aliipaka kwa ajili ya kaka yangu. Mara ya pili aliipaka kwa ajili ya askari aliyemchukua kaka yangu. Kwa sababu ya mara hiyo ya pili nilimchukia Fundi miaka kumi na minne, na nilimchukia kwa mpangilio, kwa hoja na vielelezo, kama inavyomfaa mtu aliyesomeshwa hadi chuo kikuu. Nilitaka kwake kitu kimoja tu: jina la yule askari. Sikwenda kuliomba miaka yote hiyo. Nitaeleza kwa nini, ingawa sioni namna ya kueleza bila kuaibika.

Asili ya Fundi siijui vizuri na sitaihangaikia. Watu wa Kisenyi, mtaa wake hapo Kampala, walisema ukoo wake ulitoka pwani na misafara ya zamani. Yeye akiulizwa ametoka wapi alijibu kwamba ametoka chumbani, na mara nyingi ilikuwa kweli, kwa sababu alifanyia kazi chumbani mwake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na chumba cha kulala ndicho pekee kilichokuwa na mlango unaofunga sawasawa. Kisenyi ni mtaa wa magereji na malori, vumbi halilali, na rangi mbichi ikikutana na vumbi kazi ya wiki nzima inageuka kuwa msasa. Kwa hiyo kitanda kilihamia ukumbini. Siku ya kupaka, alimwaga maji sakafuni, akatundika mashuka mabichi kuzunguka fremu, akampiga mkewe marufuku kushika ufagio tangu alfajiri. Jirani mmoja alikuja kubisha mlango kumpa habari ya msiba. Fundi alijibu kutoka ndani kwamba marehemu asubiri kidogo, rangi ishike utando. Mtaa mzima ulikasirika. Lakini alipotoka alikwenda makaburini kabla ya watu wengi, akachimba kuliko vijana, akalia machozi ya kweli, masikio yake yakiwa na matone ya rangi ya bluu.

Baiskeli nyeusi za mizigo, zile zinazopanda milima ya Kampala na mikungu ya matoke, hakuzigusa. Alisema hizo ni punda, na punda hapakwi rangi. Yeye alishughulika na baiskeli za mbio za zamani tu, zile za chuma chembamba zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, zilizoletwa na walimu wa Kizungu na vijana wa Kihindi waliokuwa na klabu zao za Jumapili. Zilimfikia zikiwa zimeliwa. Alizivua kila kitu mpaka kibakie kiunzi kitupu, akaichuna rangi ya zamani kwa soda kali na kisu kisicho na makali, akajaza mashimo ya kutu, akalehemu palipopasuka. Kisha alipiga msasa kwa siku tatu, kwanza mkavu, baadaye wa maji. Bomba la kunyunyizia rangi alilitengeneza mwenyewe kutokana na bomba la dawa ya mbu. Mistari ya dhahabu kwenye maungio ya fremu aliichora kwa brashi ya nywele za mkia wa paka, akibana pumzi. Paka mwenyewe alikuwa hai na alijua kukimbia akiona mkasi.

Alikuwa mtu wa hasira. Siwezi kumweleza bila neno hilo. Aliwakasirikia watu waliolaza baiskeli chini upande wa mnyororo. Alikasirikia brashi za kupakia nyumba, alikasirikia mvua, alikasirikia sifa. Ukimwambia kazi yake ni nzuri alikunja uso na kusema, "Usinisifie, sifa zinavuta vumbi." Haraka ndiyo iliyomchoma zaidi. Kila koti la rangi alilijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, mahali pa siri chini ya ekseli ya pedali. Ukucha ukiacha alama, rangi bado, na hakuna mteja aliyeweza kuuhonga ukucha ule. Alimfukuza mwalimu mkuu mmoja, mtu wa heshima zake, kwa sababu aliendesha baiskeli kwenye mvua na kuiegesha bila kuifuta. Alimwambia kutu haibishi hodi, na kwamba hataki kumwona tena mpaka ajifunze kuwa na aibu.

Kwangu mimi alianza kwa matusi. Nilikuwa nimenunua baiskeli kuukuu kutoka kwa mhadhiri aliyekuwa anarudi kwao, na kwa ujuzi nilioupata vitabuni niliipaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya madirisha ya bweni. Rangi ilitiririka na kuganda kama nta ya mshumaa. Kaka yangu alinipeleka kwa Fundi akicheka njia nzima. Fundi aliizunguka ile baiskeli mara mbili, akapiga magoti, akauliza kwa upole kabisa, "Nani amekufanyia hivi?" Nikaanza kujibu. Kaka akanikanyaga mguu, kwa sababu Fundi alikuwa anaiuliza baiskeli.

Tangu siku hiyo aliniita Profesa. Jumamosi nzima alinikalisha kibarazani nikikwangua aibu yangu kwa kisu, huku wapita njia wakielezwa kwamba huyu anasomea falsafa. Kiswahili changu nacho alikisahihisha. Sisi tulikulia kwenye laini za polisi, zile nyumba za kambi yao, baba alikuwa sajini kutoka kaskazini, na Kiswahili tulichokinywa huko kilikuwa cha amri. Fundi alisema Kiswahili changu kimekulia kwenye paredi, kinajua kusimama na kugeuka, kukaa hakijui.

Kaka yangu alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa fundi umeme, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, mwenye mapaja ya mpanda mlima. Baiskeli yake aliachiwa na kijana wa Kihindi aliyekuwa akishindana naye kila Jumapili, ile miezi Wahindi walipopewa siku za kuhesabu waondoke. Yule kijana alimwambia kwamba kuliko kuiacha kwa askari afadhali ibaki kwa mpinzani anayemjua. Ilikuwa fremu ya Kiingereza, nyepesi hata unaibeba kwa kidole. Fundi aliishughulikia mwezi mzima. Kaka alitaka rangi ya ndizi mbichi, si kijani tu, ndizi mbichi, na Fundi alichanganya masalio ya rangi za magari kwa siku nne, akipaka kwenye vipande vya bati na kuvitoa juani, akitukana. Alipoipata, alimwita kaka chumbani aione ikiwa bado mbichi. Sijawahi kusikia mteja mwingine aliyeruhusiwa kuingia kwenye mashuka yale. Walikaa humo kimya muda mrefu, wanaume wazima wawili wakitazama bomba za chuma. Mimi nilibaki ukumbini na kitanda.

Sasa nieleze desturi moja ya Fundi, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Mtaa wa magereji ni mtaa wa vitu vya wizi. Kitu kinachoibwa Mengo asubuhi hubadilishwa rangi Kisenyi jioni, na mpakaji rangi ndiye anayemfanya mwizi kuwa mwenye mali. Fundi hakutaka cheo hicho. Kila baiskeli aliyoletewa aliitundika kwanza ukutani mbele ya nyumba, juu ya kibaraza, ikiwa na rangi yake ya zamani, siku saba. Alimwambia mteja kwamba chuma lazima kipunge upepo kabla ya kuchunwa. Ulikuwa uongo, na kila mtu wa Kisenyi aliujua. Aliyepotelewa alipita, akatazama ukuta, na kama aliona chake aliingia kwa Fundi akanywa chai. Fundi alimwambia nani ameileta na anakaa wapi. Yaliyofuata yalikuwa yao. Siku saba zikipita kimya, alichuna.

Mimi desturi hii niliijua. Kaka ndiye aliyenieleza, na tuliicheka pamoja.

Wahindi walipoondoka, wateja wakawa askari. Walikuja na baiskeli za klabu mabegani, nyingine zikiwa bado na vibandiko vya namba za mashindano, wakitaka nyekundu, wakitaka dhahabu, mmoja akitaka nyota. Fundi alizitundika kama kawaida. Askari walifurahi, walidhani ni matangazo. Wenyewe walikuwa nchi nyingine, hakuna aliyeingia kunywa chai, na siku ya nane Fundi alichuna. Akapaka nyekundu, akachora nyota. Nyumbani kwake kukawa na sukari wakati sisi wengine tulikuwa tumesahau rangi yake. Kukawa na chumvi, na sabuni ya mche mzima. Aliwagawia majirani, lakini kwa uso uliofura, akikusukumia kikombe cha sukari kana kwamba umemtukania mama yake. Waliokula sukari yake walimsema. Mimi pia niliila, na nilimsema kuliko wote, bwenini, kwa istilahi.

Namkasirikia hata leo ninapoandika haya. Mwalimu mkuu alifukuzwa kwa tone la mvua. Wauaji walipokelewa kwa sababu walijua kutia mnyororo mafuta. Nilimwuliza siku moja, nikijidai natania, kama hachagui tena wateja. Akaniambia nimtajie nani katika Kampala nzima anayechagua, ili akamwige. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeandika insha kuhusu ujasiri kwa wanafalsafa wa kale, nikapata alama nzuri mno.

Kaka alichukuliwa Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Port Bell. Alikuwa na desturi ya kwenda mbio hadi gatini na kurudi kabla ya mama hajatoka kanisani. Mwuza ndizi aliyekuwa kando ya barabara alieleza baadaye kwamba gari lisilo na namba lilimpita, likasimama, likamsubiri. Watu watatu wenye miwani nyeusi. Yeye walimtia nyuma, kwenye buti la gari. Baiskeli waliifunga juu ya gari kwa kamba, wakaweka gunia chini yake isikwaruzike. Mwuza ndizi alilirudia lile la gunia, maana ndilo lililomshangaza. Mimi ndilo linaloniamsha.

Kosa lake hatukuambiwa. Huenda lilikuwa jina letu la kaskazini, kwa kuwa watu wa kwetu waliwindwa siku hizo, huenda ilikuwa baiskeli yenyewe. Mama alizunguka kila lango analolijua. Alikaa chini nje ya kambi na wanawake wengine hadi jioni, akarudi na vumbi, akaondoka tena kesho yake. Mwishowe akampata ndugu yake wa mbali, afisa, mtu aliyekuwa bado anasikilizwa na baadhi ya wakubwa. Alikuja nyumbani kwetu Makindye kwa mguu, bila sare, akakaa ukingoni mwa kiti. Nakumbuka alivyosema.

"Dada, mimi siwezi kuuliza kila lango. Nikiuliza ovyo, nami wananiuliza. Nipe jina la mmoja tu wa waliomchukua. Jina tu, na kambi yake. Hapo ninaweza kwenda kwa mkubwa wake kama mtu anayeomba, si kama mtu anayechunguza. Nimewatoa wawili kwa njia hiyo."

Mama akasema jina atalipata. Akanitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake na nilikuwa msomi.

Siku ya kumi na tisa tangu achukuliwe nilikuwa nashuka kuelekea kituo cha teksi, nikapita Kisenyi. Baiskeli ya kaka ilikuwa imetundikwa ukutani kwa Fundi.

Ningependa kuandika kwamba sikuwa na uhakika. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Lakini ile rangi ilikuwa moja duniani, aliyeichanganya mwenyewe alikuwa ameshindwa kuirudia. Fundi alikuwa amekaa kibarazani chini yake, mikono mitupu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hakuwa na msasa, hakuwa na kitambaa. Alikuwa anatazama barabara. Nikavuka upande wa pili, nikatembea kwa mwendo wa mtu aliyechelewa darasani.

Kesho yake nikapita tena. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha. Palikuwa na pikipiki nje na kijana amesimama bila kazi yoyote, nami nikaamua kwamba ni mtego: wametundika baiskeli ili wamnase atakayeuliza. Hoja hiyo haikuwa mbaya, watu walinaswa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Nikapita. Siku mbili baadaye nikapita mara ya tatu, na safari hii pikipiki haikuwapo, kijana hakuwapo, mlango ulikuwa wazi na sauti ya mke wa Fundi ilisikika akiosha vyombo. Nikasimama upande wa pili wa barabara, labda dakika nzima. Kisha nikaondoka.

Nilipopita baada ya hapo, wiki kadhaa zilikuwa zimepita na ukuta ulikuwa mtupu. Siku nyingine nikaiona barabarani, karibu na soko, ikiendeshwa na mtu mnene aliyevaa viatu vya jeshi na miwani. Ilikuwa nyekundu. Namna nilivyoijua ni kwa kazi. Mistari ya dhahabu ilizunguka maungio kama uzi uliofumwa, hakuna palipotetemeka. Fundi alikuwa ameipaka vizuri kuliko ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoiweka hasira yangu. Ilihitaji mahali pa kukaa, na pale palikuwa pazuri. Angeiharibu kidogo tu, nilijiambia. Angeacha tone litiririke, angeacha vumbi liingie, mkono wake ungekataa mara moja. Nilizijenga sentensi hizo kwa miaka. Mama aliendelea kukaa nje ya malango mpaka malango yenyewe yakabadilisha wenyewe, ikaja vita, yule Mkubwa aliyewafukuza Wahindi akakimbia, wakaja wengine na malango yao. Yule afisa ndugu yetu naye alichukuliwa kabla ya mwisho. Mimi nilipata kazi ya kufundisha, nikaanza kuandika makala magazetini, watu wakasema nina kalamu kali. Niliandika moja kuhusu mafundi waliowatumikia wauaji kwa ustadi. Sikutaja mtu. Ilisifiwa sana.

Mama hakuambiwa habari ya ukuta ule. Aliamini kwamba baiskeli ilipotea pamoja na mwenyewe.

Nilikwenda kwa Fundi hatimaye katika mwaka wa kumi na nne, mchana, nikiwa na tumbo la mtu wa ofisi na kijitabu mfukoni cha kuandikia jina. Kisenyi ilikuwa imefurika. Magereji yalikuwa yamefika hadi ukutani kwake, mtu alikuwa anagonga bodi ya gari hatua tatu kutoka kibarazani. Fundi alikuwa amekaa palepale, fremu iliyooza kwa kutu imelala mapajani, akiisugua kwa msasa wa maji. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na kila baada ya misuguo kadhaa alipitisha vidole kwenye chuma, akisoma. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda pembeni, kama vilivyoungwa na mtu mwenye haraka.

Nilimwamkia. Akaitika bila kuinua uso, akasema Profesa amenenepa, anasikia kibaraza kinavyolalamika. Nikakaa. Nilikuwa na hotuba. Nilianza kwa kumwambia kwamba nimekuja kwa habari ya baiskeli ya kaka yangu. Akataja jina la askari.

Hakusubiri niulize. Alitaja majina yote mawili, cheo, kambi, na nyumba aliyokuwa anakaa yule mtu, kwa sauti ya mtu anayerudisha chombo cha watu. Kisha akasema yule askari aliuawa barabarani wakati jeshi lao lilipokimbia, na akaendelea kusugua.

Nilikitoa kijitabu, nikakishika. Nikamwuliza kwa nini asituletee lile jina wakati ule. Sauti yangu ilikuwa imepanda, yule mgongaji wa bodi akaacha kugonga.

"Nilitundika," akasema.

"Siku saba. Najua. Halafu ukaipaka."

"Siku saba za nani? Ilikaa ukutani siku ishirini na mbili. Kila siku yule mtu alikuja, ananiuliza: Mzee, baiskeli yangu nakwisha lini? Namwambia chuma hakijapunga upepo. Akirudi namwambia soda imekwisha mjini. Akirudi namwambia nangoja msasa kutoka Kenya. Siku ya ishirini na mbili akaniambia niweke mkono kwenye ngazi, akaukanyaga." Alivinyoosha vile vidole viwili kadiri vilivyokubali. "Ndipo nikachuna. Nikapaka kwa mkono wa kulia."

Nikasema aliipaka vizuri mno. Nilisikia upumbavu wa maneno hayo yakiwa bado mdomoni, lakini niliyabeba miaka kumi na minne, yalitoka.

Akainua uso kwa mara ya kwanza, akaniangalia kwa yale macho ya ukungu, na ile hasira yake ya zamani ikapanda yote, nikaijua.

"Ulitaka nimharibie nani? Ile fremu ni ya ndugu yako. Nikiichafua, namchafua nani? Yule mnene hatofautishi rangi na lami." Akaweka msasa chini. "Nilikuona, Profesa. Wakati ule macho yangu yalikuwa mazima. Umepita hapo ng'ambo. Mara ya kwanza nikasema ameshtuka, atarudi. Ya pili nikasema anamwogopa kijana wa pikipiki, atarudi. Ya tatu nilimwambia mke wangu aweke chai. Akaweka. Ukasimama pale, penye nguzo ile ya stima. Nikasema sasa anavuka."

Nikageuka kuitazama ile nguzo.

"Yule mtu alikuwa akizungumza nami. Hana adabu lakini anapenda mazungumzo. Siku ile ile uliyosimama alikuja jioni, anacheka. Akaniambia: mwenyewe ya hii baiskeli bado iko kwetu. Iko na kichwa ngumu. Kila siku yeye naulizia baiskeli."

Aliinama akatafuta msasa kwa vidole, akaukuta, hakusugua.

"Mimi niliogopa kuja kwenu," akasema, polepole sasa. "Makindye ni mbali na barabara ilikuwa na macho. Nilisema nikikutwa na jina hilo mdomoni, mke wangu nani atamlisha. Kwa hiyo nikatundika. Niliogopa kutembea, wewe ukaogopa kuvuka. Usije hapa na hasira ukanidai deni la upande wangu tu."

Yule mgongaji akaanza tena kugonga. Nilitamani kulia na sikuweza, nilikuwa na hasira mno na sikujua wa kumpa. Fundi aliniuliza kama mama bado yuko. Nikasema yuko. Akauliza kama anajua.

"Anajua nini?"

"Usinifanyie falsafa," akasema. "Nenda nyumbani."

Nilipanda Makindye kwa miguu, jua likiwa bado kali. Sikuwa nimeandika jina kwenye kijitabu, halikuhitaji kuandikwa. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua karanga. Aliniuliza mbona niko nyumbani saa za kazi. Nikakaa chini mkabala naye na nikamwambia yote, ukuta, siku tatu, nguzo ya stima, maneno ya askari. Nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha laini za polisi, kwa sababu katika kile kizuri nilianza sentensi mara mbili na kila mara nilijikuta najitetea.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya ungo. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliuliza kama huyo fundi bado anaishi. Nikasema ndiyo. Akainuka, akaweka ungo juu ya ukuta mbali na kuku, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kanisani na kitenge kingine.

"Nipeleke," akasema.

Nikamwambia ni mbali kwa miguu yake, nitafute gari, au twende kesho asubuhi. Alikuwa amekwisha kufungua lango. Tulishuka mlima pamoja. Pale penye mteremko mkali, palipochimbwa na mvua, nilimpa mkono kama kawaida yangu ili ashikilie. Hakuushika. Aliinamia upande wa mawe, akaweka kiganja kwenye ukuta wa watu, akashuka hatua kwa hatua mwenyewe, nami nyuma yake.